Nyota za Wahindu na Kitabu cha Varahamihira

Safari hii twataka kuzungumza nanyi juu ya kitabu kilichoandikwa Uhindi katika karne ya 6. Jina lake ni Brihat Jataka, yaani Kitabu Kikubwa cha Kuzaliwa. Mwandishi wake ni Varahamihira, mtu wa nchi ya Avanti, upande wa mji wa Ujjain, mwana wa Adityadasa, aliyefundishwa na baba yake mwenyewe. Hata leo mnajimu wa Kihindu anayetaka kuheshimiwa na wenzake sharti akijue kitabu hiki. Na kwa kuwa unajimu huo sasa wapatikana kwa kila mwenye simu, tena kwa jina kubwa la “elimu ya Veda”, tumeona vema tuutazame mahali ulipotoka, tuusome kwa haki, ndipo tutoe hukumu.

Hukumu yetu hatutaificha. Kazi ya mnajimu wa Kihindu ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kupima mbingu, na sehemu hiyo ilifanywa na watu hodari sana, ambao twawavulia kofia. Ya pili ni kusema vitu vilivyopimwa vina maana gani kwa mtoto aliyezaliwa. Kati ya sehemu hizi mbili hakuna daraja. Msomaji anapita kutoka hii hadi ile bila kuona kwamba amevuka mto, kwa sababu hesabu za upande wa kwanza zimemtuliza moyo.

Tuanze na mambo ya msingi, maana mtu hawezi kuhukumu jambo asilolijua. Wahindu wanaigawa njia ya jua mbinguni katika sehemu 12 zilizo sawa, kila moja digrii 30. Sehemu moja huitwa rashi. Mesha ni kondoo dume, Vrishabha ni fahali, Mithuna ni watu wawili, Karka ni kaa, Simha ni simba, Kanya ni msichana, Tula ni mizani, Vrishchika ni nge, Dhanu ni upinde, Makara ni mnyama wa majini, Kumbha ni mtungi, Mina ni samaki. Katika njia hiyo wanatembea graha 9, na neno graha maana yake ni mshikaji, mwenye kukamata. Hao ni Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtari, Zuhura na Zohali, pamoja na wawili wasioonekana kwa macho, Rahu na Ketu, ambao tutawarudia.

Halafu kuna nyumba 12. Mtoto anapozaliwa, mnajimu anatafuta ni rashi gani inayochomoza mashariki saa ile ile. Hiyo huitwa lagna, nayo ndiyo nyumba ya kwanza, nyumba ya mwili wake. Ya 2 ni ya mali, ya 3 ya ndugu, ya 4 ya mama na makao, ya 5 ya watoto, ya 6 ya adui na magonjwa, ya 7 ya ndoa, ya 8 ya kifo, ya 9 ya dini na bahati, ya 10 ya kazi, ya 11 ya mapato, ya 12 ya hasara. Graha huwekwa katika nyumba hizo kadiri walivyokaa mbinguni, na picha ikikamilika huitwa kundali. Watu wengi wa Uhindi wanaitunza kundali yao kama sisi tunavyotunza karata ya ubatizo.

Lakini jambo ambalo Wahindu wanalipenda kuliko wanajimu wa Ulaya ni Mwezi. Mwezi huzunguka mbingu yote na kurudi kwenye nyota ile ile kwa siku 27 na saa kadhaa. Kwa hiyo wazee wa Uhindi walimwekea vituo 27, nakshatra, kama msafiri anayelala kila usiku katika kijiji kingine. Kila kituo kina digrii 13 na dakika 20. Kimojawapo, Krittika, ni kile kikundi cha nyota ambacho wakulima wa Kiswahili wanakiita Kilimia. Kituo alicholala Mwezi siku ya kuzaliwa kwako ndicho kinachoanzisha hesabu ya maisha yako. Wanaigawa miaka 120 kwa graha 9: Ketu anatawala miaka 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mshtari 16, Zohali 19, Utaridi 17. Kila kituo kina bwana wake, na huyo ndiye wa kwanza kukutawala. Wengine wanafuata kwa zamu. Mtu akisema, “Niko katika miaka ya Zohali,” wenzake wanaelewa mara moja na kumwonea huruma.

Hayo ndiyo msingi. Mengine yote, nayo ni mengi sana, yamejengwa juu yake.

Sasa tuulize: je, hii kweli ni elimu ya Veda? Kuna kitabu cha kale sana kiitwacho Vedanga Jyotisha, nacho kweli ni mtumishi wa Veda. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha makuhani siku zinazofaa kwa sadaka. Humo utakuta Jua, Mwezi na vile vituo 27. Hutakuta rashi 12, wala nyumba 12, wala kundali ya mtoto. Mambo hayo yaliingia baadaye, na yaliingia kutoka kwa Wagiriki. Ushahidi umo katika kitabu cha Varahamihira mwenyewe. Katika mlango wa kwanza anazitaja rashi kwa majina mengine: Kriya, Tavuri, Jituma, Leya, Pathona, Juka, Kaurpya. Kwa lugha ya Kisanskrit majina hayo hayaelezi rashi hizo. Lakini Mgiriki anayatambua mara moja, maana yeye husema Krios, Tauros, Didymoi, Leon, Parthenos, Zygon, Skorpios. Kabla ya Varahamihira kilikuwako kitabu kilichoitwa waziwazi Yavanajataka, na Yavana ni jina ambalo Wahindi waliwapa Wagiriki.

Jina la elimu yenyewe latufurahisha zaidi. Wahindu wanauita unajimu wa kuzaliwa hora. Varahamihira anaeleza kwamba wengine wanalitoa neno hilo katika ahoratra, yaani mchana na usiku, baada ya kukata silabi ya mwanzo na ya mwisho. Ni maelezo mazuri, lakini si ya kweli. Hora ni neno la Kigiriki, maana yake saa. Walatini walilichukua pia, na kila Mkristo aliyewahi kusali Salamu Maria kwa Kilatini ameshalitamka anapoomba kwa ajili ya saa ya kufa kwake. Wafaransa wamelifanya heure. Basi neno ambalo mnajimu wa Ujjain alilipokea kwa heshima, na neno tunalolisema tukitazama saa mkononi, ni ndugu wa tumbo moja.

Jambo la siku za juma nalo ni hivyo. Tazameni: Wahindi wanaiita Jumanne Mangalavara, siku ya Mangala, yaani Mirihi. Wafaransa wanaiita mardi, siku ya Mars, ambaye ni Mirihi yule yule. Jumatatu kwao ni ya Soma, Mwezi. Lundi ni ya Mwezi pia. Budhavara na mercredi ni za Utaridi, Guruvara na jeudi ni za Mshtari, Shukravara na vendredi ni za Zuhura. Je, mataifa mawili yaliyo mbali namna hii yaliwezaje kuotea jambo moja? Hayakuotea. Watu wa zamani wa upande wa magharibi walipanga graha 7 kwa mwendo wao, aliye mzito kwanza: Zohali, Mshtari, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi. Wakampa kila mmoja saa yake ya kutawala, kwa zamu, usiku na mchana. Bwana wa saa ya kwanza akaipa siku nzima jina lake. Ukianza na Zohali, saa ya 25 itamwangukia Jua. Ndiyo siku inayofuata. Hesabu tena 24 utamkuta Mwezi, kisha Mirihi. Hesabu hiyo ilifika Uhindi katika karne za kwanza baada ya Kristo. Maandishi ya kale ya Uhindi yenye mwaka na jina la siku ya juma yako katika nguzo ya Eran, nayo ni ya mwaka 484.

Hatusemi hayo ili kuwadharau Wahindi. Mwenye kuazima si mwizi, na Varahamihira hakuwa mtu wa kuficha. Katika kitabu chake kingine, Brihat Samhita, anasema kwamba Wagiriki ni wageni wasio safi kwa desturi za Kihindu, lakini kwa kuwa elimu hii imesimama imara kwao, nao wanaheshimiwa kama wahenga watakatifu. Katika unajimu tumeona waandishi wachache wenye unyofu kama huo. Lawama yetu ni kwa wauzaji wa leo wanaobandika jina la Veda juu ya mali iliyotoka Aleksandria.

Tuingie ndani zaidi, maana hapa ndipo Varahamihira anapotushangaza. Sisi tukaao karibu na ikweta tunajua kwamba jua la adhuhuri halikai mahali pamoja mwaka mzima. Kuna miezi ambapo kivuli chako kinalala kusini, na miezi ambapo kinalala kaskazini. Jua hufika mwisho wa safari yake ya kusini tarehe 21 au 22 Desemba, kisha hugeuka. Wazee wa Uhindi waliitukuza siku hiyo ya kugeuka, wakaiunga na kuingia kwa Jua katika Makara. Lakini mbingu ina mwendo wa siri: pale jua linapogeukia hupasogea nyuma kati ya nyota kwa digrii 1 kila miaka 72 hivi. Varahamihira aliona jambo hilo. Anaandika kwamba vitabu vya kale vilisema jua hugeuka mahali fulani, na kwamba sasa linageuka mahali pengine. Kisha anatoa shauri ambalo lingemfaa mwalimu yeyote wa leo: usiamini tu, simamisha kijiti, pima kivuli, tazama jua linapochomoza na kuchwea, ujue mwenyewe.

Basi, wafuasi wake walifanya nini? Leo sikukuu ya Makara Sankranti inafanywa tarehe 14 au 15 Januari, na watu wengi wanasema ndiyo siku jua linapoanza kurudi kaskazini. Jua lenyewe lilikwisha kurudi majuma matatu na zaidi kabla yao. Rashi za Wahindu zimefungwa kwenye nyota, na rashi za Wazungu zimefungwa kwenye majira ya mwaka. Mwachano wao sasa ni karibu digrii 24. Kwa hiyo mtu ambaye gazeti la Paris linamwita Simba, mara nyingi Uhindi atakuwa Kaa. Simba ni jasiri na mwenye kiburi, Kaa ni mpole na mwoga, ndivyo wanavyofundisha. Na mtu ni mmoja.

Wanajimu watajibu kwamba Wazungu wamekosea. Vema, lakini wao wenyewe hawapatani ni wapi hasa rashi ya kwanza inaanza. Mwaka 1952 serikali ya Uhindi iliunda kamati ya kutengeneza kalenda, chini ya mwanafizikia Meghnad Saha. Kamati ilitoa taarifa yake mwaka 1955, na kipimo ilichokifuata kinajulikana kwa jina la Lahiri, aliyekuwa katibu wake. B. V. Raman wa Bangalore, mnajimu mashuhuri kuliko wote wa karne ya 20, hakukifuata. Alikuwa na kipimo chake, kinachotofautiana na kile kwa digrii 1 na karibu nusu. Digrii 1 na nusu ni kitu kidogo, mtasema. Lakini kumbukeni kwamba kituo cha Mwezi kina digrii 13 tu na theluthi, na kwamba kituo kizima kinaweza kubeba miaka 20 ya Zuhura. Fanyeni hesabu: mwachano ule unasogeza zamu zote za maisha ya mtu kwa miaka miwili hivi. Mmoja atamwambia ataoa mwaka huu, mwingine atamwambia bado. Wote wawili wamepima vizuri, wala hakuna kitu mbinguni kinachoweza kuwaamua.

Turudi sasa kwa Rahu na Ketu. Hadithi ya Wahindu inasema kwamba lilikuwako jitu lililokunywa kwa hila kinywaji cha kutokufa. Jua na Mwezi wakalisema, na Vishnu akalikata kichwa. Kichwa ni Rahu, kiwiliwili ni Ketu, na tangu siku hiyo kichwa kinawafuatia wasemaji wale ili kiwameze. Ndipo jua au mwezi hupatwa. Wanahesabu walijua tangu zamani kwamba sivyo. Aryabhata, katika kitabu alichokitunga mwaka 499, alieleza kwamba mwezi hupatwa ukiingia katika kivuli cha dunia, na jua hupatwa likifunikwa na mwezi. Varahamihira anafundisha vivyo hivyo, tena kwa nguvu, akiwakosoa wanaosema jitu. Rahu na Ketu, kwa mtu wa hesabu, ni mahali pawili tu ambapo njia ya mwezi hukata njia ya jua. Hapo hapana kitu, hata jiwe.

Sasa someni mlango huo huo mpaka mwisho. Mtu huyu aliyekwisha kuliua jitu kwa kalamu yake anaendelea kueleza kupatwa kwa mwezi huu kutaleta njaa kwa nani, na kupatwa kwa mwezi ule kutaleta vita kwa nani. Ametuonyesha kwamba ni kivuli. Kisha anatutaka tuogope kivuli. Hatoi sababu, anasema tu kwamba ndivyo walivyofundisha wahenga. Wasomaji wapenzi, ule mto tuliousema mwanzoni ni huu. Upande wa kwanza alituambia tupime kwa kijiti. Upande wa pili kijiti hakionekani tena.

Tumtendee haki, maana anayo hoja moja yenye uzito. Wanajimu wa Kihindu hawafundishi kwamba nyota zinamlazimisha mtu. Wanasema kwamba matendo ya maisha ya zamani, karma, yanaiva katika maisha haya, na kwamba nyota zinaonyesha tu. Varahamihira anaifananisha elimu yake na taa inayoonyesha vitu vilivyo gizani. Ni mfano mzuri, na Mkristo asiutupe kwa haraka kwa kuwa haamini maisha ya zamani. Auulize swali moja: taa hii ikionyesha kitu, tunahakikisha namna gani kwamba kitu kipo? Taa ya kweli huonyesha kiti, nasi tunakikalia. Taa ya kundali huonyesha deni la maisha yasiyokumbukwa na mtu yeyote. Mambo yakitokea, ilikuwa karma. Yasipotokea, karma nyingine ililipunguza deni. Taa ya namna hiyo haiwezi kuzimika, lakini ni kwa sababu haijawahi kuwashwa.

Mtakatifu Agostino, ambaye ujanani aliwafuata wanajimu, alitoka kwao kwa njia ya hadithi aliyosimuliwa na rafiki yake Firminus. Siku aliyozaliwa Firminus, mjakazi katika nyumba ya rafiki ya baba yake alizaa pia, saa ile ile, na wazee waliangalia wakati kwa uangalifu kabisa. Nyota zilikuwa moja. Firminus alikua katika mali na heshima. Mwana wa mjakazi alibaki mtumwa. Wanajimu wa Uhindi wanalo jibu kwa swali la mapacha: wanaikata kila rashi vipande 9, 12, 30, hata 60, ili dakika mbili tu zibadili picha. Sawa. Lakini mbingu huzunguka digrii 1 kila dakika 4. Ukikata vipande vya nusu digrii, wahitaji kujua dakika hasa ya kuzaliwa. Ni mama gani wa kijijini, Bihar au Kasongo, aliyejifungua akitazama saa? Na dakika hiyo ni ipi, kichwa kinapotokea, au mtoto anapolia, au kitovu kinapokatwa? Kisu kinavyozidi kuwa kikali, ndivyo nyama inavyozidi kupotea.

Kama mambo haya yangekuwa mchezo wa wazee barazani, tusingeandika kurasa nyingi hivi. Lakini katika Brihat Jataka kuna mlango wa wanawake. Unaanza kwa kusema kwamba mambo yaliyotabiriwa kwa nyota za mwanamke, yale yasiyomfaa yeye yahesabiwe kwa mumewe. Kisha yanakuja haya: Jua likiwa katika nyumba ya 7, ataachwa na mume, Mirihi akiwa humo, atakuwa mjane angali mdogo, Zohali akiwa humo na kutazamwa na graha wabaya, atazeeka bila kuolewa. Fikirini kidogo. Mbingu huzunguka mara moja kwa siku, na Mirihi hupita katika nyumba zote 12. Basi kila siku ya Mungu, kwa muda wa saa mbili hivi, watoto wote wa kike wanaozaliwa mahali pale wanahukumiwa ujane. Mmoja katika 12, bila kosa, wala hajanyonya bado.

Desturi ya baadaye imezidisha mzigo. Leo msichana ambaye Mirihi yuko katika nyumba yake ya 1, 4, 7, 8 au 12 anaitwa manglik, na watu wanasema atamwua mumewe. Hizo ni nyumba 5 katika 12, yaani zaidi ya watu 4 katika kila 10. Wengine wanahesabu tena kuanzia Mwezi, na tena kuanzia Zuhura. Kwa hesabu nyepesi, ukifanya hivyo utawapata karibu 8 katika 10. Ndipo wanajimu, kwa kuwa watu sharti waoane, wamebuni orodha ndefu ya misamaha. Mahali pengine msichana anaozwa kwanza mgomba au chungu cha udongo, ili ubaya uangukie huko, ndipo aolewe na mtu. Wavulana pia wanaweza kuwa manglik, lakini tunaelewa ni nani anayebaki nyumbani posa ikivunjika.

Tena kuna kupatanisha kundali za mume na mke kwa alama 36. Chini ya 18, ndoa haifai. Katika alama hizo, 6 hutolewa kwa kutazama kama wawili hao ni wa aina ya miungu, ya watu au ya majitu, na alama 1 kwa daraja la tabaka la rashi zao, ambapo mume asiwe chini ya mke. Hapana hata alama moja kwa swali kama wanapendana, wala kama kijana ni mlevi.

Hofu hii inaweza kushika hata taifa zima. Februari 1962 graha 7, yaani Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtari, Zuhura na Zohali, walikusanyika pamoja na Ketu katika Makara, na jua likapatwa. Wanajimu wengi walitangaza maangamizi. Uhindi mzima ulifanywa maombi makubwa, na samli nyingi ikachomwa katika sadaka. Siku zikapita kama siku nyingine. Wengine wakasema ni maombi yaliyookoa ulimwengu. Hapo taa ya Varahamihira ilifanya kazi yake ya kawaida.

Je, haiwezekani kulijaribu jambo hili kwa kijiti? Limejaribiwa, na Wahindi wenyewe. Mwaka 2008 Jayant Narlikar, mtaalamu mkubwa wa nyota wa Pune, pamoja na wenzake, walikusanya saa za kuzaliwa za watoto 200: 100 hodari shuleni na 100 wenye ulemavu wa akili. Wakawaalika wanajimu. Kila mmoja alipewa kundali 40, aseme tu kila mtoto ni wa kundi gani. Wanajimu 27 walirudisha majibu. Kwa wastani walipata 46 kwa mia. Mwenye kurusha sarafu angepata 50. Aliyewashinda wengine alipata 24 katika 40.

Mmoja wa waliosaidia kazi hiyo alikuwa daktari Narendra Dabholkar, aliyetumia maisha yake kupigana na ushirikina katika jimbo la Maharashtra. Tarehe 20 Agosti 2013, asubuhi, alipigwa risasi katika mji wa Pune akafa. Siku chache baadaye serikali ya jimbo ilitoa amri dhidi ya uchawi na matendo ya kuwadhulumu watu kwa jina la nguvu za siri, sheria aliyokuwa ameidai kwa miaka mingi.

Tusijivune sisi Wakatoliki kana kwamba nyumba yetu ilikuwa safi sikuzote. Luca Gaurico alikuwa mnajimu, na Papa Paulo III alimfanya askofu mwaka 1545. Ilipita miaka 41 ndipo Papa Sisto V alipotoa hati ya kukataza unajimu wa kutabiri, mwaka 1586. Upande wa pili, ni haki pia kukumbuka mapadri Wajesuiti waliosafiri mpaka Jaipur katika karne ya 18, mfalme Jai Singh alipowaita. Mfalme huyo alijenga vipimo vya mawe ambavyo vingalipo. Kimoja, saa ya jua, kina urefu wa mita 27. Wahindu, Waislamu na mapadri walipima nyota pamoja mahali pale, na vipimo vilipotofautiana walijua namna ya kupatana: walitazama tena juu.

Mwaka 2001 tume ya vyuo vikuu vya Uhindi iliruhusu unajimu ufundishwe kama somo la elimu. Wataalamu walipinga mpaka Mahakama Kuu kabisa, nao wakashindwa mwaka 2004. Chuo kikuu cha Wahindu cha Banaras kina idara ya Jyotisha, na hapo hapo kina idara ya fizikia. Narlikar, aliyefariki Mei 2025, alisoma katika chuo hicho, na baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu pale.